Ukingo wa Dhahabu kwenye Mfuko wa Ngwaci

Mimi si mwepesi wa kusifu watu. Wanaonijua watakuambia kwamba nikionja chakula chako nikanyamaza, basi kimepita mtihani. Ndiyo maana najishangaa mwenyewe kwamba miaka yote hii imepita na bado siwezi kumtaja mama mkwe wangu bila sauti kunibadilika. Mwanamke yule nilimheshimu na nikampenda, na mwanzoni mwa ndoa yangu nilimwogopa pia, tena sana.

Alikuwa akiishi Makongeni, Thika, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kibaraza cha saruji, aliyoipata enzi za kazi yake katika kiwanda cha nguo. Nusu ya maisha yake aliimaliza kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, mahali palipokuwa na kelele nyingi hata wafanyakazi wakazoea kusomana midomo. Tabia hiyo haikumtoka. Aliongea kwa sauti ya juu hata mkiwa mmekaa magoti yakigusana, na ungemnong'oneza mwenzako jambo upande wa pili wa sebule, yeye angelijibu. Niligundua hivyo siku ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa. Nilimnong'oneza mchumba wangu kwamba chai imezidi majani. "Ongeza maziwa basi," akasema mama mkwe akiwa mlangoni, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Katika miaka ya tisini mitumba ilijaa masokoni, viwanda vya nguo vikaanza kuyumba, na chake kikapunguza watu. Naye alikuwa miongoni mwa walioambiwa asante. Alirudi Makongeni, akaitoa mashine yake ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu, akaiweka kibarazani na kuanza kurekebisha sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Kazi ilikuwa haba. Mume wangu, ambaye ndiye mwanawe wa kwanza, akaanzisha wimbo wake kwamba mama hana haja ya kukaa peke yake Thika ilhali sisi tuna chumba cha wageni Kahawa Sukari. Aliuimba kila tulipomtembelea.

"Mama, kuja ukae na sisi. Hapa unafanya nini?"

"Ninakaa kwangu."

"Na kazi hakuna."

"Siku kazi itaisha nitakuambia. Nitakuambia mwenyewe, ukuje na gari."

Wakaachia hapo. Maadamu kulikuwa na mtu anayeihitaji mikono yake, hahami; siku watu watakapoacha kuihitaji, atahama bila ubishi. Mume wangu aliona ni ukaidi wa uzee. Mimi niliona kitu kingine, ingawa sikukisema. Pale Makongeni watu walimwita fundi. Kwetu angekuwa nyanya wa kuwekewa mto mgongoni na kuwashiwa televisheni, na mwanamke yule hangeweza kuishi namna hiyo. Angenyauka mbele ya macho yetu.

Basi mhadhiri mmoja, jirani yetu, alikuwa akihama nchi, akauza vyombo vyake, na mume wangu akarudi nyumbani amekumbatia maikrowevu. Wakati huo mtaani kwetu kilikuwa bado ni kitu cha kuitiwa watu waje waone. Niliifanyia kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angeifanyia: niliivalisha kitambaa. Makochi yalikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na kimoja chenye maua ya waridi kilichoshuka hadi kwenye kioo. Mgeni angeikutaje maikrowevu ikiwa uchi? Mume wangu alisoma kijitabu cha maelekezo, akakiondoa kitambaa changu kwa sababu kiliziba matundu ya nyuma ya kutolea joto. Nilikikunja huku nikinung'unika.

Ndani ya maikrowevu tulikuta mfuko wa kitambaa. Ulikuwa mweupe uliogeuka rangi ya chai, una matabaka mawili yaliyojazwa pamba katikati, na mdomo wake ulifungwa kwa ulimi wa kitambaa hichohicho. Haukuwa na ua wala utepe. Nilidhani ni wa kushikia sufuria za moto. Nilipompelekea mke wa mhadhiri, alicheka akasema ni wa kuokea viazi mle ndani, mama yake alimshonea, na kwamba niuchukue tu kwa sababu masanduku yake yalikuwa yameshafungwa.

Mama mkwe alikuja kututembelea juma hilo, na mimi nilitaka kumringia. Nikampikia viazi vitamu, ngwaci zenyewe alizotuletea kutoka soko la Makongeni, nikiziweka ndani ya maikrowevu vivi hivi kwenye sahani. Zilitoka zimesinyaa, ngumu pembeni, za kutafunwa na mwenye meno yake yote. Alitafuna, akatafuna, akaomba maji.

"Mwari," akaniambia, maana mimi aliniita binti tangu siku ile ya chai, nami nikamwita maitu, yaani mama, "hii kitu inapika na nini?"

"Na stima, maitu."

"Stima naona. Mvuke iko wapi?"

Kwake ngwaci hupikwa kwa maji kidogo chini ya sufuria, na juu yake hufunikwa majani ya mgomba au kipande cha gunia safi kilicholoweshwa, ndipo kifuniko kifuate. Ngwaci isiyofunikwa kwa kitu chenye unyevu aliiona imeonewa. Nikakumbuka ule mfuko, nikamletea. Aliugeuza ndani nje, akaunusa, akauminya, akakata uzi mmoja kwa meno na kuomba kibiriti. Uzi ulishika moto ukaungua polepole, ukaacha majivu mepesi na harufu ya karatasi. "Pamba tupu," akasema. Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akachomoa uzi kwenye jaketi la mume wangu lililoning'inia kitini. Ule ulijikunja, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi kwenye sahani yangu ya wageni, na lilipopoa likawa gumu kama kichwa cha pini.

"Ukishona mfuko na hii, itakula hiyo ngwaci kabla yako," akasema.

Kujaribu uzi kwa moto halikuwa jambo geni. Kila aliyepita kiwandani kule alilijua. Kilichonishangaza ni kwamba yeye hakulichukulia kama mzaha wa kuonyesha wageni. Aliondoka kesho yake na ule mfuko ndani ya kiondo chake, na siku chache baadaye akaniagiza nimkute mjini Thika, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi ambaye walijuana tangu enzi mzee huyo alipokuwa akinunua vipande vilivyosalia kiwandani.

Nilipofika nilikuta vita. Mama mkwe alikuwa amesimama kaunta na kijiti cha kibiriti kinachowaka, na mzee ameinua mikono yote miwili.

"Mama, wewe unataka kuchoma duka yangu!"

"Nataka uzi ya pamba."

"Hiyo ni pamba. Soma hapo, imeandikwa pamba."

"Karatasi ndiyo imeandikwa. Uzi haijaandikwa."

Akauchoma. Ukadondosha tone jeusi. Mzee alilitazama lile tone, uso wake ukabadilika, naye akachomoa uzi kwenye kibonge kingine na kingine, akivichoma mwenyewe huku akimlaani aliyemuuzia. Mwishowe walipata uzi waliokubaliana wote wawili, na kitambaa cha marekani, kizito kisichopaushwa, na mzee akaagiza chai. Kuanzia siku hiyo aliweka kisosi na gilasi ya maji kwenye kona ya kaunta kwa ajili yake. Nilikunywa chai yangu nikiwatazama wakibishana juu ya pamba kama watu waliokulia ua mmoja, na moyo wangu ulifurahi.

Alishona mfuko wa kwanza baada ya kuifua ile marekani na kuianika mpaka wanga wote ukatoka. Akaja nao Kahawa Sukari. Tuliosha ngwaci, tukaziacha na maji yake, tukazifunga ndani na kuwasha kwa muda mfupi, tukaangalia, tukawasha tena. Zilitoka laini na zimejaa mvuke, na ganda likabanduka lenyewe. Mume wangu alikula tatu amesimama. Mimi, nisiyesifu, nililamba vidole. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe kwake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Sasa tuiharibu," akasema.

"Maitu, mfuko mzima huu?"

"Nitauza aje kitu sijui mwisho yake?"

Akachukua ngwaci ndogo kavu, akaitia ndani ya mfuko, akawasha na kusimama pale, mkono mmoja kwenye swichi ya ukutani. Nilipaza sauti kwamba ataniunguzia jiko. Alisubiri mpaka harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi ilipoanza kutoka, akazima, akautoa mfuko ukiwa na doa la kahawia katikati, akalichunguza. Basi hapo ndipo zilipotoka sheria zake, ambazo kila mnunuzi alizipigiwa kelele usoni. Chakula kiwe na maji. Mfuko usiwashwe mtupu wala mkavu. Zipu hapana, kifungo hapana. Ukiona doa la kahawia ufanye tambara la kufutia meza. Na kubwa kuliko zote, usitoke jikoni. "Jirani atangoja na hadithi yake," aliwaambia. "Moto haingoji."

Habari zilienea kupitia chama chetu cha akina mama, ambacho kilikutana kwa zamu majumbani, wengine wakitoka kwetu Kahawa Sukari, wengine Ruiru mjini na Kiuu. Wachache walikuwa na maikrowevu, na wasiokuwa nayo walinunua mifuko kwa ajili ya ndugu na wakwe. Mashine ya kibarazani Makongeni ikaanza kusikika tena asubuhi mpaka jioni. Mume wangu akaacha wimbo wake. Tulipomtembelea, mama mkwe alitukaribisha huku akishona, hageuzi shingo, na mimi niliipenda hiyo dharau yake kuliko ukarimu wa watu wengine.

Kisha ikaja itega ya binti wa mwenyekiti wetu. Itega ni siku ya wanawake kumpelekea bibi harusi vyombo vya nyumba yake, na hakuna anayetaka zawadi yake ionekane duni mbele ya zingine. Bwana harusi alikuwa ameshanunua maikrowevu. Mwenyekiti akaagiza mifuko kwa bintiye na mingine ya kuwagawia shangazi na wanachama kama ukumbusho.

Mifuko ilipokamilika, mama mkwe aliitandika juu ya kitanda akaiangalia. Nilikuwepo. Aliiona kama nilivyoiona mimi: myeupe mitupu. Na kwetu kitambaa hakitoki nyumbani bila ukingo, seuze kinachokwenda kwa bibi harusi. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono mzuri wa kufuma kuliko wote niliowajua. Akatoa sindano yake ya kroshia na uzi wa sufu uliochanganywa na nyuzi za dhahabu, ule uliokuwa wa fasheni miaka hiyo, akaifumia mifuko yote ukingo wa vipepeo vidogo, mabawa yakigusana. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Siku ya itega Ruiru, mifuko ilipita mkono hadi mkono, vigelegele vikapigwa, na mwenyekiti akamshika mama mkwe bega akamwambia mbele ya watu wote kwamba Thika nzima hakuna fundi kama yeye. Aliinama kuficha tabasamu. Nilijivuna utadhani vipepeo nimevifuma mimi.

Uzi uliobaki ulitosha mfuko mmoja, akaniletea mimi. Ilikuwa mchana, juma lililofuata. Nikatia ngwaci zilizolowa, nikawasha, yeye akasimama mahali pake pa kila siku karibu na swichi. Hatukuwa tumemaliza hata kusalimiana vizuri. Cheche za buluu zilianza kukimbia kwenye ukingo, tatata, tatata, na mara kipepeo kimoja kikawaka moto.

Mimi nilirukia mlango wa maikrowevu.

"Usifungue!" Sauti ile ya kiwandani. Alikuwa ameshazima ukutani. "Wacha ikose hewa."

Tulitazama kupitia kioo. Ule moto mdogo ulicheza, ukafifia, ukazimika. Tulipofungua, harufu ya plastiki ilitutoa machozi. Sufu, kumbe ya plastiki, ilikuwa imeyeyuka ikawa matone meusi yaliyogandamana na kitambaa, na nyuzi za dhahabu zilikuwa zimetoboa marekani kwa safu ya vidoa vilivyoungua. Ngwaci zenyewe hazikuwa na neno.

Mama mkwe akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini.

"Uzi ya kushona nilijaribu. Kitambaa nilijaribu. Pamba nilijaribu. Ukingo sikujaribu."

"Kwa nini, maitu?"

"Sijui. Ukingo ni ya kupamba tu. Sikuiona kama ni mfuko." Akaushika ule mfuko ulioungua kwa mikono miwili. Kisha akasimama ghafla. "Wuui! Bibi harusi!"

Hatukufunga hata madirisha. Njia nzima hadi Ruiru alikuwa ameshikilia kiondo chake kifuani, nami nilikuwa nikiomba kimoyomoyo kama sijawahi kuomba. Bibi harusi alitufungulia mlango akitabasamu, mzima, unga mikononi. Mama mkwe alimpita moja kwa moja hadi jikoni. Maikrowevu ilikuwa mezani, na juu yake mifuko miwili ya ngwaci ilikuwa imetandazwa vizuri, vipepeo vikining'inia mbele.

"Hujapikia?" akauliza.

"Ai, shosho, hii?" akasema, akimwita nyanya. "Ni mzuri sana, siwezi chafua. Nimeifanya kitambaa."

Niliangua kicheko, kicheko kibaya cha mtu aliyetoka kuogopa, nikashindwa kujizuia. Ile desturi yetu ya kuvalisha kila kitu ndiyo iliyotia dhahabu kwenye mfuko wa kuingia motoni, na desturi hiyohiyo ndiyo iliyomwokoa msichana yule. Mama mkwe hakucheka. Aliichukua mifuko yote miwili, akamweleza bibi harusi kila kitu, akamwomba msamaha. Tulipotoka akaniambia mingine iko kwa wanachama na kwamba chama kinakutana Jumapili.

Mimi nilikuwa na mpango wangu, na mpaka leo naona ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili. Nikamwambia tuwaeleze akina mama kwamba tunataka kuikaza mishono, tuichukue yote, tuondoe ukingo, tuirudishe. Jina lake lingebaki safi, kazi ingeendelea, na mume wangu hangepata sababu ya kuwasha gari.

"Na yule mwingine ataona imekuwa uchi aende anunue uzi ya dhahabu afume mwenyewe?" akauliza. "Huyo atajua aje?"

Nilikasirika, maana nilijua nini kingefuata, na yeye alikijua zaidi yangu.

Jumapili tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti. Chai ilipokwisha kumiminwa, mama mkwe alisimama bila kupewa nafasi, akaweka mezani ule mfuko wangu ulioungua. Akaomba kisosi na kibiriti. Alichomoa uzi kwenye sehemu ya ukingo iliyobaki nzima, akauchoma mbele yao, ukadondosha. Akachomoa uzi wa mwili wa mfuko, akauchoma, ukawa majivu. Akausukuma ule mfuko mbele yao waone matundu. "Hii ya dhahabu nilifuma na mikono yangu," akasema. "Hakuna mtu alinidanganya. Mimi ndiye sikujaribu. Leteni mifuko yenu."

Wengine walikuwa nayo, wengine walikimbia nyumbani kuifuata. Akatoa mkasi wake mkubwa wa kiwandani, akakaa, akakata. Vipepeo vilianguka mapajani pake, kazi ya majuma yale yote, naye hakuinua macho mpaka mfuko wa mwisho. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kupiga meza nikiwaambia wanawake wale wamtazame vizuri, kwa sababu hawataona tena mtu akifanya jambo kama hilo kwa hiari yake.

Lakini wanawake walikuwa wakivuta viti vyao nyuma. Mwenyekiti aliinama kwa jirani yake karibu na dirisha, mbali kabisa nasi, akasema kitu kwa midomo tu. Sikusikia. Mama mkwe alikuwa amemtazama.

Tukiwa njiani nilimuuliza alisema nini. "Amesema mikono yangu imezeeka, nipumzike," akajibu. "Hakusema kwa ubaya. Ni mtoto wake angeungua."

Baada ya hapo hakuna aliyeagiza mfuko. Mmoja mmoja walikuwa na sababu zao nzuri, na sikuweza kugombana na yeyote, ingawa nilijaribu. Hata sare za shule na suruali zikapungua, maana habari ilifika Thika ikiwa imenenepa njiani, na huko ilisemekana nyumba nzima iliungua. Kibaraza kikanyamaza. Miezi ikapita. Kisha jioni moja alipiga simu kutoka kibanda cha simu, akaomba kuongea na mwanawe, na mazungumzo yalikuwa mafupi. Mume wangu alipoweka simu hakuwa na furaha niliyoitarajia kwa mtu aliyeshinda.

"Amesema nije na gari," akaniambia.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi na pikapu ya kuazima. Alikuwa ameshafunga kila kitu kwenye katoni, amefagia, amevaa koti lake la kanisani. Kibarazani, mahali miguu ya mashine ilipokaa miaka yote ile, palibaki alama nne kwenye saruji. Mume wangu na jirani waliipandisha mashine kwanza, wakaifunga kwa kamba, kisha kitanda, kisha katoni. Yeye alisimama mlangoni akiangalia, mikono ndani ya mifuko ya koti. Nilimkasirikia kila mtu asubuhi ile, mume wangu, mwenyekiti, na yeye mwenyewe kwa kutokubali uongo mdogo uliokuwa umemngoja tayari.

Wakati huo ndipo bibi harusi alipotokea kwenye kona ya nyumba, peke yake, akitembea polepole. Tumbo lake lilikuwa limemtangulia. Kwapani alikuwa na mfuko mkubwa umejaa shali, kofia na blanketi za mtoto alizopewa na watu, zote zimefumwa, zote zina ukingo, nyingine zikimetameta.

"Shosho, nimekuja unichomee," akasema, akihema. "Mtoto atalala karibu na jiko ya makaa, kwetu kuna baridi. Nataka kujua ni gani ya kuweka mbali."

"Mama yako anajua umekuja?"

"Mum alisema hakuna haja. Wote wananiambia zao ni mzuri." Akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Ni wewe peke yako ulinijia ukaniambia yako ni mbaya."

Mama mkwe alimtazama midomo yake, ingawa msichana alikuwa ameongea kwa sauti ya kutosha. Aliitazama kama aliyetaka kuhakikisha kwamba ndivyo ilivyosema. Kisha akavua koti lake la kanisani, akanipa nishike.

"Shusha mashine," akamwambia mwanawe.

"Mama, tumeshafunga kamba."

"Fungua. Nitawekea wapi sahani? Nitakalia nini? Shusha."

Mume wangu alinitazama mimi. Mimi nilitazama ukutani, maana nilikuwa nalia na sikutaka anione. Akapanda kwenye pikapu, akafungua kamba, na yeye na jirani wakaishusha mashine, wakaiweka kibarazani, miguu minne kwenye alama zake nne. Mama mkwe akavuta kigoda, akachukua blanketi la kwanza, akakata uzi kwa meno na kunyoosha mkono bila kugeuza shingo.

"Kibiriti."

Kibiriti kilikuwa ndani ya katoni, na hakuna aliyekumbuka ni katoni gani. Mume wangu akazishusha zote, akaanza kuzifungua moja baada ya nyingine, akitoa sufuria, akitoa vikombe, akiviingiza ndani ili visikanyagwe. Alipokipata, nyumba ilikuwa imejaa vitu tena, na sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kukirudisha kitanda.